Yadi Tisa za Anusaya

Tangu avunje ungo, Anusaya hakuvaa kingine ila sari ya yadi tisa, ile ambayo pindo hupitishwa katikati ya miguu likachomekwa kiunoni kwa nyuma, mwanamke akabaki huru kama mpanda farasi. Tena alizifuma mwenyewe. Kijijini kwao, chini ya milima ya Satara huko India, watu walikula kiapo kwamba bibi yake aliwahi kuruka mto na yadi tisa zake, beseni la dengu kichwani, isidondoke hata punje.

Lakini mwaka ule sari ndefu zilikaa sandukuni bila mnunuzi. Wanawake vijana walikuwa wamehamia yadi tano, zile za kujizungushia kama watu wa mjini.

"Mama, tuanze kufuma yadi tano," alisema mkamwana wake, Sulbha. "Nani anataka nguo ya kufunika zizi zima?"

"Nyamaza wewe! Hiyo yako unatembea kama kuku kafungwa miguu."

Wakabishana mpaka mkate wa mtama ukaungua. Mwisho wakapatana: siku ya sikukuu ya kijiji wavute kamba mara tatu, wakamwana sita kwa mama wakwe sita. Wazee wakishindwa, Anusaya hatafuma tena yadi tisa.

Mara ya kwanza haikuchukua hata pumzi tatu. Vijana walikanyaga mapindo yao wenyewe wakaanguka wote, mmoja juu ya mwenzake.

"Housabai, hebu hesabu maiti!" Anusaya alimpigia kelele shoga yake.

"Bado mara mbili!" Sulbha alifoka. Akawanong'oneza wenzake, wakakimbilia nyumbani. Waliporudi, uwanja mzima ulisimama kutazama. Walikuwa wamefukua masanduku ya mama wakwe zao, wote sita wamevaa yadi tisa! Ila walizifunga ovyo. Ya Sulbha ilining'inia nyuma kama mkia wa nyati.

Anusaya alijua wakivuta hivyo wataanguka tena, na yadi tisa zake zitakuwa zimepona. Alishaishika kamba. Lakini kitambaa alichokifuma kwa mikono yake kivaliwe vile, mbele ya vijiji vitatu? Akaiachia.

"Anusaya, unatuuza!" Housabai alipiga yowe.

"Simama wima," Anusaya alimwambia Sulbha. Akalivuta pindo, akalikunja, akalichomeka kwa kidole gumba. Akamwendea wa pili, mpaka wa sita.

Mara ya pili wazee walikwenda kama wamefungwa nyuma ya treni. Mara ya tatu walikokotwa uwanja mzima, wakapita kwa wauza vitunguu, wakakomea kwenye dimbwi la nyati wa kufugwa. Nyati akahama.

Anusaya aliinuka na matope mpaka kwenye nyusi. "Haya, mmeshinda. Vueni. Kesho nafuma yadi tano."

Sulbha alichuchumaa, akasimama, akarusha teke hewani. Akacheka.

"Nivue? Mama, una wazimu? Nifumie ya kijani!"

"Na mimi nyekundu!" akadakia mwingine.

Kufikia Diwali, sikukuu ya taa, mtambo wa kufumia wa Anusaya ulikuwa umevunjika mara mbili kwa kazi, na wanawake wa vijiji kumi na saba walikuwa wakipanda baiskeli wakiwa wamevaa yadi tisa. Lakini siku ile ya kamba wakamwana walirudi nyumbani kwa hatua ndefu mno, hata mama wakwe sita, matope yakiwadondoka, wakalazimika kukimbia nyuma yao. Anusaya alikimbia akipiga vigelegele.