Sababu za Kukaririshwa

Darasa la nne lilikuwa linapiga kelele, na mwalimu wao wa hesabu hakuwa na haraka ya kulinyamazisha. Alikuwa ameandika ubaoni namba nne: 5, 15, 20 na 51. Kisha akauliza, kama alivyozoea kila Jumatatu, "Ipi haifanani na nyingine? Na kwa nini?"

"Ishirini!" alisema mvulana wa dirishani. "Hiyo tu ndiyo inagawanyika kwa mbili."

"Hamsini na moja," mwenzake akadakia. "Ukihesabu tano tano unairuka, huigusi."

"Tano! Nyingine zote zina tarakimu mbili."

Akasimama binti mmoja mwembamba waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi kidevuni. "Mimi nasema kumi na tano," alisema, na wenzake wakaangua kicheko, maana hiyo hakuna aliyeona tofauti yake. Kidoti hakutetereka. "Kumi na tano ana undugu na wote. Tano mara tatu ni yeye. Mgeuze, anakuwa hamsini na moja. Mwongezee tano, anakuwa ishirini. Wengine hawana ndugu kila mahali. Kwa hiyo wa tofauti ni yeye."

"Hata tano ana undugu na wote!" mvulana wa dirishani alipinga. "Humwoni pale, ndiye tarakimu ya mbele katika hamsini na moja?"

"Kuonekana ndani yake si undugu."

"Ni undugu!"

Darasa likalipuka. Hawa walisema ni undugu, wale wakasema ni ujirani tu, na mwalimu akaegemea meza yake huku akicheka kimoyomoyo. Watoto hao ndio walioanza mwaka wakiogopa hata kujumlisha kwa sauti.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka, kuanzia suruali yake hadi mistari ya madawati. Mwalimu alidhani atamgombeza kwa kelele zile. Kumbe amefurahi.

"Ijumaa tuna wageni kutoka ofisi ya elimu," alimwambia. "Nataka waone hiki hiki."

Mwalimu akafurahi hadi akasahau kufuta ubao. Siku zilizofuata hakuwepo. Mama yake mzazi alikuwa anafanyiwa operesheni ya jicho, na yeye ndiye mtoto pekee aliyeishi karibu. Akaomba ruhusa, akapewa, akaahidi kurudi Ijumaa asubuhi.

Ijumaa hiyo, kabla hajafika hata mlango wa darasa, akasikia watoto wakiimba kwa pamoja:

"I-shi-ri-ni-ni-to-fa-u-ti-kwa-sa-ba-bu-ni-shu-fwa!"

Alisimama koridoni kama mtu aliyepotea nyumba. Alipoingia, aliona madawati yamepangwa safu nne. Kila safu ilikuwa imepewa namba yake na sentensi yake. Kidoti alikuwa safu ya kumi na tano, na sentensi ya safu hiyo ilisema kwamba kumi na tano ni tofauti kwa sababu ni ya pili.

"Ya pili kwa nini?" mwalimu aliuliza.

"Imeandikwa ya pili," Kidoti alisema, macho chini. "Nilimwambia mwalimu mkuu ile ya undugu. Akasema hiyo ni hadithi, si hesabu."

Mwalimu akatoka kwa hasira. Alimkuta mwalimu mkuu ofisini akipanga chupa za soda kwenye sinia.

"Umewafanya nini watoto wangu?"

"Shikamoo kwanza, mwalimu."

"Shikamoo. Umewafanya nini?"

"Marahaba. Nimewaandaa." Akageuza chupa moja ili nembo itazame mbele. "Ulitaka wabishane mbele ya wageni? Mmoja aseme hivi, mwingine vile, mgeni aulize jibu ni lipi, sisi tutoe macho? Sasa majibu yote manne yapo, na ni safi."

"Lakini si yao! Zoezi lenyewe ni kufikiri. Ukiwapa sababu, umebakiza nini? Heri ungewaimbisha jedwali la kuzidisha, wangepata kitu!"

"Jioni utanishukuru," alisema, akaomba radhi kwamba gari la wageni limeingia.

Wageni walikuwa watatu. Walikaa nyuma, magoti yao yakikaribia kugusa videvu kwenye viti vya watoto. Safu ya kwanza ikaimba. Ya pili ikaimba. Hadi ya nne inamaliza, wageni walikuwa wanapiga makofi, na mwalimu mkuu anakenua kama bwana harusi.

Mwalimu hakuweza kuvumilia tena. Akasogea mbele, akauliza darasa, "Nani hakubaliani?"

Kimya. Mvulana wa dirishani, yule asiyenyamaza hata akiwa na mafua, alimtazama mwalimu mkuu kisha akatazama dawati. Kimya kile ndicho kilichomkata maini.

"Mnaona?" aliwageukia wageni. "Jumatatu walikuwa wanafikiri. Leo wanarudia kama redio. Mliyoyapigia makofi si hesabu. Wamekaririshwa, na ni aibu, aibu tupu!"

Mgeni mmoja akakohoa. Mwalimu mkuu akasema mwenzake ameuguza, amechoka, na soda zinapata moto. Wakatoka. Ndipo mwalimu akasikia kilio. Kidoti alikuwa amejiinamia.

"Tuliimba vizuri," alisema kwa kwikwi. "Tumekuaibisha wapi?"

Hasira yake ilikuwa imewaangukia wasiohusika. Alipiga magoti kando ya dawati lile. "Si ninyi, mwanangu. Hamkukosea popote. Waliokosea ni watu wazima."

Watoto wakamtazama. Haikuonekana kama wamemwamini.

Jioni mwalimu mkuu alimwambia akirudia tena atahamishiwa shule nyingine, na kwamba wageni wameomba sentensi zile zipelekwe shule jirani. Mwalimu alipompigia mama yake simu kumweleza, mama aliguna. "Ungenisubiri nitolewe bandeji. Ningekuja kumpasha mwenyewe, kwa macho yote mawili."

Mwalimu alicheka, lakini usingizi wake haukuwa mzuri. Jumatatu alifunga mlango wa darasa, akavuruga safu zote kwa mikono yake, akachora maumbo manne ubaoni: mraba, mstatili, duara na pembetatu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Wachache walisubiri awape sentensi ya kuimba. Hakuwapa. Aliuliza, akangoja, akauma meno, akangoja tena, na kila alipompita mwalimu mkuu koridoni alimsalimia kwa heshima huku moyoni anamtukana.

Ni siku moja ya mvua, bati likipiga kelele hadi akalazimika kupaza sauti, alipowaambia kwamba kati ya maumbo yale manne, mraba ndio pekee wenye pande zote sawa.

"Sikubaliani nawe, mwalimu," ilisema sauti kutoka dirishani. "Na ile pembetatu je? Njoo na rula upime."

Alichukua rula, akapima. Mvulana alikuwa sahihi, na watoto wakaanza kumzomea mwalimu wao kwa furaha.