Achia

Asubuhi Sifaeli Sumari alikuwa anafuta umande kwenye kioo cha gari kwa jani la mgomba, anaingia, anavuta mlango mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haushiki, anateremsha dirisha na kutoa mkono nje kuonyesha kwamba yuko tayari. Huku nyuma mdogo wake, Sadoki, anainama, anaweka viganja kwenye buti, anasukuma. Gari linaserereka kwenye kiteremko cha kuelekea barabara ya Nkoaranga, linapita banda la ng'ombe, na likishapata mwendo Sadoki anapiga kelele:

"Achia!"

Sifaeli anaachia klachi. Injini inakohoa, inawaka.

Sadoki alikuwa marehemu. Nimonia ilimchukua masika yaliyopita, akazikwa kihambani kwake, katikati ya migomba na kahawa zake, ndani ya suti ya kijivu ambayo suruali yake ilikunjwa kwa pini kwa kuwa fundi cherehani alichelewa. Jua likichomoza juu ya mlima, pini zile zilimeta. Watu waliokuwa wanapeleka maziwa walimsalimia wakapita zao. Yeye aliitikia kwa kichwa, maana katika maneno yote aliyokuwa nayo alipokuwa hai alibakiwa na hilo moja la kusukumia gari.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlimani na mizani zao, na kila kitu kikawa ruksa. Ruksa kumuuzia kahawa umtakaye, ruksa kuleta gari ambalo wenzako wameshalichoka. Sadoki alikuwa ameacha mke, Anande, na binti mmoja, Aika. Mtoto wa kiume hakuacha. Ukoo ulikaa, mwenyekiti akiwa Sifaeli, ukaona kwamba kihamba hakiendi kwa mwanamke, kwa hiyo mkubwa wa marehemu akishike kwanza. Sifaeli akakishika vizuri kabisa, halafu akauza nusu. Mnunuzi alikuwa Aristides, mfanyabiashara wa mjini, aliyejenga ukuta kabla hata migomba haijamaliza kuanguka. Nusu hiyo ndiyo iliyogeuka Toyota, iliyozeekea Japani na kuogeshwa Dubai. Anande na binti yake wakahamia chumba kilichopakana na banda la ng'ombe.

Stata ya Toyota ilikufa wiki ya kwanza. Sifaeli akaita majirani wasukume. Walikuja, wakaulizia hali ya nyumbani, wakaulizia ng'ombe, wakaulizia mvua, kisha wakatia mikono mifukoni.

"Mgongo, mzee," alisema wa kwanza.

"Na mimi ni huo huo mgongo," akasema wa pili.

Gari likalala pale pale mpaka asubuhi Sadoki alipotokea migombani na suti yake, akaweka viganja kwenye buti. Sifaeli alisema asante. Msaada ni msaada.

Kero ilikuwa Anande. Kila gari likiwaka, alitoka bandani na ndoo ya maziwa akasimama upande wa dirisha.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Aika."

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Amesema uachie."

"Si nimeachia? Husikii gari linanguruma?"

"Hakusema klachi, shemeji."

"Na kihamba je, amekitaja?"

"Mtu amekufa, bado unataka akuhutubie?"

Anande hakudai kilichokwisha kuuzwa. Alitaka ile nusu iliyobaki, mistari ya kahawa iliyo kando ya mfereji, pale Sadoki alipolazwa. Alitaka apalilie, avune, na Aika awe na mahali pa kupaita kwao. Sifaeli alijibu kwamba atalifikiria, na jibu hilo alilitoa gari likiwa tayari linakwenda.

Kwa kweli alikuwa ameshalifikiria. Aristides alikuwa anajenga hoteli ya watalii nyuma ya ukuta wake, na bwawa la kuogelea lilihitaji maji ya mfereji.

"Na kaburi?" Sifaeli aliuliza, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa.

"Kaburi tutalizungushia maua," alisema Aristides. "Wazungu wanapenda vitu vya namna hiyo."

Wakakubaliana kuonana mjini kwa wakili, karibu na Mnara wa Saa. Sifaeli aliegesha mbele ya ofisi, akazima gari. Mahali penyewe tambarare, na Sadoki alilijua hilo. Aristides alikuwa ameshafungua kalamu alipomwona mtu wa suti ya kijivu amesimama mlangoni, vumbi la njia nzima halikumgusa, viganja viko tayari.

"Nani yule?"

"Mdogo wangu."

"Ndiye mwenye eneo?"

"Alikuwa."

Aristides akaifunga kalamu. "Mzee wangu, mimi na marehemu hatuna ugomvi. Nimeshafanya biashara na watu wa kila aina. Ila sitii sahihi huku mwenye eneo ananitazama. Au vipi, wakili?"

Wakili alisema sheria imenyamaza juu ya hilo, lakini picha yake si nzuri.

"Kwani anataka nini hapa?" aliuliza Aristides.

"Anasubiri kusukuma gari."

"Basi tengeneza stata, mzee! Unahangaisha marehemu kwa kitu kidogo hivyo?"

Sifaeli hakulipeleka gari gereji. Gereji za mjini, alisema, unaingia huna stata unatoka huna kabureta. Akamleta fundi nyumbani, Khalfani wa Kaloleni, mwenye mikono minene na maneno mengi, vifaa vyake ndani ya mfuko wa saruji. Khalfani alimsalimia mzee, akamsalimia Anande, akazunguka nyuma ya gari.

"Shikamoo, Marehemu."

Sadoki aliinamisha kichwa.

"Kwetu wakirudi wanakuja na sanda," Khalfani alimwambia Sifaeli. "Hii suti nimeipenda."

Alichomoa waya wa betri, akapiga jeki, akapanga mawe, akatandika gunia na kuingia chini. Stata ya gari lile Wajapani waliiweka kama mtu anayemficha mwali: chini ya manifoldi, nyuma ya mabomba, uso umegeuzwa ukutani. Bolti ya chini inaonekana. Ya juu huioni, unaiamini tu. Khalfani alitoa kisafisha hewa, akatoa bomba, akatoa kipande cha bati ambacho hata yeye hakujua kazi yake, akapenyeza mkono ukaishia kwenye kiwiko. Spana ilikuwa inazunguka upana wa kucha, inagonga chuma, inarudi. Alimtukana aliyelichora gari lile, na mamaye, na mji wake. Mwishowe stata ya zamani ikatoka, nyeusi kama chungu cha pombe, na ngozi ya vidole vyake ikabaki huko huko.

Kurudisha nyingine ndiyo ilikuwa kazi. Alikuwa na stata nzuri ya gari lililopinduka Ngaramtoni, lakini mmoja ilibidi ainyanyue kutoka chini na mwingine aingize bolti kutoka juu, na huko juu hapakuwa na nafasi ya panya. Sifaeli alijaribu, akajipaka oili mpaka kwenye shingo ya shati la kanisani.

"Hapa anatakiwa mtu asiye na mifupa," alisema Khalfani kutoka chini ya gari.

Wote wawili wakamfikiria mtu mmoja. Alikuwa kule nyuma, viganja kwenye buti, anasubiri.

"Marehemu! Hebu njoo mara moja."

Sadoki akaja. Alikunja mkono wa koti, kwa mazoea tu, akaupitisha mkono kwenye madigadi. Bati halikumzuia. Khalfani, stata ikiwa imemlalia kifuani, alisikia bolti ikiingia, ikizunguka, ikikaza bila spana.

"Achia," alisema Sadoki.

Khalfani akaachia hapo hapo, bila kuuliza kuachia nini. Tangu mazishi, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumsikiliza Sadoki namna hiyo. Stata ikabaki palepale.

Mkono wa Sadoki haukurudi. Likafuata bega, koti la kijivu, kichwa alichokiinamisha kidogo kama mtu anayeingia kwake kwenye mlango mfupi, na mwisho viatu. Pini moja ilidondoka kwenye gunia. Khalfani aliiokota, akaichomeka kwenye kofia yake.

"Mzee, Marehemu kabaki humo ndani."

"Bolti imekaza?"

"Imekaza vibaya sana."

"Basi funga boneti."

Anande alikuwa amesimama na ndoo yake. "Shemeji, mume wangu yuko wapi?"

"Amepumzika. Kazi yake imekwisha, Mama Aika. Siku hizi kila mahali wanapunguza watu."

Khalfani akarudisha waya wa betri. "Jaribu, mzee."

Sifaeli akazungusha ufunguo. Chini ya boneti kukasikika: *achiachiachiachia*. Injini ikawaka.

Khalfani alisikiliza huku anafuta mikono. "Stata ni nzima kabisa. Ila ina sauti."

"Za Japani zote zina sauti," alisema Sifaeli.

Akaenda mjini, akaegesha mahali palepale tambarare, akazima. Mlangoni hapakuwa na mtu. Sahihi zikatiwa, Aristides akamsindikiza mpaka kwenye gari, na ufunguo ulipozungushwa akainamisha sikio.

"Inasema nini hii?"

"Inasema imewaka."

Ukuta ukasogea mpaka kwenye mfereji. Kaburi likazungushiwa maua, jinsi walivyoahidiana, na siku ambazo watalii hawapo mlinzi alimruhusu Anande kuyatazama kupitia geti. Siku nyingine zote alikuwa bandani. Asubuhi Sifaeli anafuta umande kwa jani la mgomba, anavuta mlango mara mbili, anazungusha ufunguo. *Achiachiachiachia.* Anande anatoka na ndoo, anasimama upande wa boneti siku hizi, si upande wa dirisha.

"Umemsikia, shemeji?"

"Nimemsikia."

Naye anaachia klachi, taratibu, kama alivyoambiwa, na gari linaondoka.