Ndege Watatu Weusi na Mmoja Mwekundu

Kibumba, mtu akishajenga depo ya viazi, hakuingiza hata gunia moja kabla Annonciata hajapita na makopo yake. Masizi ya jikoni, chokaa, na udongo mwekundu aliokanda kwa samadi ya ng'ombe kama marehemu mama yake alivyomfundisha: hizo ndizo zilikuwa rangi zake. Mlangoni alichora umbo la nyumba ile na si la nyumba nyingine. Mwenye ng'ombe alichorewa pembe, mwenye mapacha alichorewa miraba miwili miwili. Jumapili vijana wa Goma walipanda na pikipiki wakifuata milango hiyo mmoja baada ya mwingine mpaka Rugari, wakipiga picha na kucheka, kisha wakarudi mjini na kabichi zao. Aliyeichora hawakumnunulia hata soda.

Mlango wake mwenyewe ulikuwa na ndege wanne wa pembetatu, watatu weusi na mmoja mwekundu. Binti yake Igihozo, alipokuwa bado mdogo, aliuliza kwa nini yule mmoja ana rangi yake peke yake.

"Weusi njo siye bakubwa," Annonciata alimjibu. "Miye, papa yako, na nyanya yako. Mwekundu njo weye."

Papa akafa, nyanya akafa. Wakabaki wawili.

Mwaka ule volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, mama na binti walikuwa wameshuka Goma kuuza viazi. Anga likawa jekundu, mji mzima ukamwagika kwenye barabara ya Sake, na katika msukumano ule mkono wa Igihozo ukachomoka mkononi mwa mama yake. Annonciata hakujua la kufanya, basi akafanya alilolijua: aliokota kaa na kipande cha tofali, na kila alipopita mlango au ukuta akachora ndege wanne. Siku chache baadaye, uani mwa kanisa huko Sake, msichana alimwangukia shingoni akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Nilifuata bandege, mama. Nilijua mukono wako."

Wakalia, wakacheka, wakawekeana ahadi. Tukipotezana tena, chora ndege. Watu wengine wanawekeana ahadi za mali. Hawa waliwekeana hiyo, na kwa maoni yangu ilikuwa na thamani kuliko hati yoyote ya shamba.

Kisha vita vikarudi. Viliporudi, Igihozo alikuwa mji wa Kiwanja, mbali kaskazini, kwa shangazi yake Béata, aliyekuwa amejifungua. Barabara ikakatika katikati yao. Minara ya simu ikazimwa, na Annonciata akapiga namba ya Béata mpaka simu ikafa mkononi. Siku mabomu yalipoanza kuanguka kwenye mashamba ya Kibumba, majirani walibeba masufuria, magodoro, mbuzi. Yeye alibeba makopo ya rangi. Walimcheka barabara nzima, maana hata kwenye kukimbia watu wetu hawakosi nafasi ya kucheka. Hakuwajali. Alisimama kwenye kila depo, akachora ndege wake, akaendelea. Aliyefuata milango ile asingeweza kupotea: ilimleta moja kwa moja mpaka kambi ya Kibati.

Hapo akapewa turubai na nafasi juu ya mawe ya lava. Alitafuta kipande cha ubao akakifanya mlango, akachora ndege wanne, akakaa nyuma yao kusubiri. Hakuwa na kazi nyingine duniani. Mtoto atakuja, atawaona, ataingia.

Maharibiko yaliletwa na gari. Shirika fulani lilikuja kugawa unga na maharagwe, gurudumu likakwama kwenye mawe mbele ya safu ya Annonciata, na madereva wakaona afadhali waanzie hapo hapo. Ilikuwa hivyo tu. Lakini unga uliisha kabla ya kufika safu za chini, na njaa haikosi kutafuta sababu. Jioni ile kambi nzima ilikuwa imeshaipata: wenye ndege ndio walioandikwa.

Jirani yake Kahindo, mwanamke wa Butembo aliyekimbia akiwa na kichanga mgongoni, alimjia asubuhi.

"Mama Igihozo, unipe na miye kidogo ya rangi. Banasema batu ba ndege njo banapewa mbele."

"Ni bongo, Kahindo, banakudanganya. Haiko alama ya chakula. Iko ya mutoto wangu."

"Na huyu? Huyu haiko mutoto?"

Kichanga kilikuwa kikivuta ziwa lisilo na kitu, kinaliachia, kinalivuta tena. Annonciata alikitazama mpaka akashindwa. Akamsogezea makopo mawili, la masizi na la udongo mwekundu. Tenda wema uende zako, wanasema. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa kambini, ambako huna pa kwenda.

Kahindo alichora mwenyewe. Ndege wake walifanana na sambusa. Jirani wa upande wa pili akaazima kopo kwa Kahindo, na wa pili yake akaazima kwa huyo, na kabla ya Jumapili ndege walikuwa wametua kambi nzima, kwenye mbao, magunia na maboksi. Udongo mwekundu uliisha, na pale Kibati huwezi kuchimba mwingine, ardhi yote ni jiwe jeusi. Waliokosa wakatumia rangi ya kucha. Annonciata alipita kwenye safu akipiga kelele, akiwaomba wafute.

"Unataka unga ukule peke yako?" walimwuliza. "Weye mama uko na roho mubaya!"

Alirudi kwake na hasira yake. Alisimama mbele ya ubao wake, akaona kwamba hauna tofauti na ule wa Kahindo, wala na ule wa fulani na fulani. Alama ya kila mtu si alama. Akachukua jiwe na majivu yenye maji, akasugua ndege wake mpaka ubao ukabaki mtupu. Alikusudia kuchora kitu kingine, kitu ambacho Igihozo angekitambua. Alifikiri siku ile, akafikiri na siku iliyofuata. Hakukuwa na kitu kingine. Hivyo ndivyo homa ilivyomkuta, amelala nyuma ya ubao mtupu.

Katika homa hiyo alisikia sauti ya msichana ikiita, "Mama! Mama!" Ilikuja kutoka safu za chini, ikakaribia, ikapita, ikaenda. Hakuinuka. Kambini kuna anayemwita mama yake kutwa nzima. Ungeinuka kwa kila mmoja, usingelala kamwe. Alijifunika kichwa.

Aliyemwamsha, siku tatu baadaye, ni Kahindo, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye foleni ya maji, ndoo bado kichwani.

"Mama Igihozo, kuko mutoto-mwanamuke alipitaka hapa, miye sikukuwako. Kule kwa robine ya maji batu bote banamusemea. Aliingia kila nyumba yenye ndege, anatafuta mama yake."

Annonciata aliuliza alikuwa amevaa nini, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshatoka nje bila viatu.

Akafuata ndege. Mlango kwa mlango, kama vijana wa Goma wa siku zile, akishika mbao ili asianguke. Ndiyo, alipita, wenye milango walimwambia. Ndiyo, aliingia mpaka ndani, akatutazama usoni. Alitaja jina, lakini mama, sisi majina tunayajuaje? Tulimwambia ndege ni wengi, angalia mwenyewe. Alitazama sana michoro, aligusa kwa kidole. Annonciata hakuwashukuru, hakuwalaumu, alikwenda mlango unaofuata. Ndege wale wabaya, wenye mabawa ya kupinda, walimpeleka mpaka hema la mwisho kando ya barabara, ambako muzee Ntirenganya alikuwa akishona viatu.

"Alikaa hapa, kwa hii kibao," muzee alisema. "Nilimupa maji. Analia sana."

"Alisema nini, muzee?"

Ntirenganya aliweka sindano chini. Hakujua anaongea na nani. Angelijua, nadhani angenyamaza.

"Alisema kutoka Kibumba mpaka hapa, milango yote iko mukono ya mama yake. Anaujua, hauwezi kumudanganya. Lakini hapa ndani ameangalia bandege bote, hata moja haiko ya mukono ule. Njo akajua. Mama alifika mpaka hapa, na hapa njo alikufia. Akasema anarudia Kiwanja kwa shangazi, baweke kilio."

"Lini?"

"Juzi asubuhi. Barabara ilifunguka siku kidogo tu, akapanda moto, pikipiki ya mwisho. Tangu jana barabara imefungwa tena, unasikia mwenyewe."

Alisikia. Upande wa Kibumba mizinga ilikuwa ikigonga bila haraka. Magari ya askari yalikuwa yamepangwa kukata barabara, na mtoto wake alikuwa nyuma ya magari hayo, nyuma ya bunduki zilizotazamana nayo, nyuma ya minara ya simu iliyozimwa, akiwa na neno la uongo ambalo hakuna wa kumwondolea.

"Mama," muzee alisema, "weye unamujua ule mutoto?"

Annonciata aliketi kwenye kibao kile kile. Huko Kiwanja Béata atakuwa ameshatandika mikeka, majirani wameshaleta kuni na ndizi, wameanza kuimba. Igihozo atakuwa amekaa katikati yao, amefunga kitambaa kichwani, anamlilia. Yeye alikuwa Kibati, hai, na miguu yake yote miwili.