Ngwe ya Afande Jude

Afande Jude alikuwa askari magereza, mtu wa kaskazini mwenye miguu mirefu, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuwapimia wafungwa ngwe. Ngwe, kwa asiyelijua jembe, ni kipande cha shamba anachopewa mtu akilime kwa siku moja. Jude alikipima kwa hatua zake, thelathini kwa kumi, na hakuna mfungwa aliyewahi kumshukuru.

Basi kibao kikamgeukia. Alitoka Walukuba, Jinja, akaenda Nakaloke, kule nje kidogo ya Mbale, kumposa Khainza. Asubuhi na mapema, Nandutu, bibi yake Khainza, akamkabidhi jembe.

"Mume wangu," alimwita hivyo kwa utani, "mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pima ngwe, lima, maliza kabla jua halijafika utosini. Ukishindwa, rudi Jinja."

"Napima na nini, bibi?"

"Zamani tulikuwa na kamba. Ngwe yenyewe ndiyo hiyo kamba, ndiyo iliyolipa shamba jina. Mama yangu alikuwa na yake, mchwa wakaila. Siku hizi kila mtu anapima na miguu yake."

Mtu mwenye akili angetembea kama aliyechomwa mwiba kisiginoni. Lakini Jude alimwona Khainza mlangoni, akatoa kifua, akakata hatua za paredi, kushoto, kulia, kushoto, kulia! Aliposimama alikuwa nusura aingie kwa jirani.

Jirani huyo, Yakub, alikuwa ameegemea uzio akicheka mpaka machozi. Miaka mitatu nyuma alifungwa, na Jude ndiye aliyempimia.

"Yakub ndugu yangu, hii haijazidi?"

"Afande, wewe ulisema ngwe haipunguzwi. Lima!"

Jude akalima. Saa mbili alikuwa bado anapiga mluzi. Saa nne malengelenge yalipasuka, mluzi ukakatika. Saa tano ikamjia aibu, aibu ya kweli, alipowakumbuka watu wote aliowaambia waache kudeka. Jua lilipofika utosini theluthi nzima ilikuwa ingali na majani, naye ameketi chini kama gunia la muhogo.

"Nimeshindwa, bibi," alisema. "Na hatua hizi hazikuwa za haki. Yakub, nisamehe."

Yakub akaacha kucheka. Bibi Nandutu akayatazama majani yaliyobaki, akamtazama na Jude.

"Waume wa dada zake Khainza walilima hapahapa," alisema. "Wote wawili walipima vishamba vya kuku kuchakura, saa tatu wamemaliza, wakachukua wake zao. Tangu siku hiyo sijawaona."

Akaliokota jembe, akalipeleka ndani kwake.

"Wewe umebakiza. Utarudi Jumamosi. Na ile ngwe ya wafungwa wako, kaipime tena. Khainza, mpe mumeo maji kabla hajafa."