Wino Uliokataa Maji

Marlys alipolazwa kwa saratani, shoga yake Verna hakutia mguu hospitalini hata siku moja.

"Harufu ya kule siiwezi, shoga," alimwambia kwenye simu. "Ila kila Jumapili nitakaa mezani nikutengenezee kadi kwa mkono wangu, huku nakuombea."

Marlys aliridhika. Verna ndiye aliyemfundisha kazi hiyo: unagonga muhuri, unanyunyiza maji, wino unatambaa unakotaka wenyewe. Hata ukikauka, ukiugusa kwa maji unaamka tena. Kila kadi ilipofika aliibandika ukutani, akamringishia muuguzi: "Hii shoga yangu ameikalia saa nzima." Wagonjwa wengine walikuwa na wageni, yeye alikuwa na kadi. Na macho ya mgonjwa, jamani, huona yanachotamani.

Theluji ilipoanza kuyeyuka alirudi nyumbani. Akataka kumtengenezea Verna kadi ya shukrani, akalowesha brashi ili aazime buluu kidogo kwenye bawa la ndege wa kadi ya kwanza. Buluu haikutoka. Akajaribu ya pili, akajaribu ya tatu. Zote zilikuwa zimechapwa kwa mashine.

Mchana Verna akaingia na keki ya limau.

"Kadi hizi ulizifanya lini, Verna?"

"He! Umekuwa polisi? Si Jumapili, nilikwambia."

Marlys akalowesha kidole, akamsugua ndege mbele yake. Ndege akakaa vilevile.

Verna akaitua keki. "Haya. Nilipeleka zangu za zamani dukani, wakazichapa zote asubuhi moja. Nikawa natuma tu. Lakini si zilikufurahisha?"

"Sana."

"Basi unaninunia nini? Kadi ni kadi, bibie."

Jumapili zile alizokuwa akitapika, Marlys alijikaza kwa kujiambia kuwa yuko mtu ameinamia meza kwa ajili yake. Kumbe hakuwapo mtu. Alikuwa ameugua peke yake, na aliyemdanganya ndiye huyu aliyemwita dada.

Hata hivyo alimpenda. Akamsogezea mihuri, wino na chupa ya maji.

"Kaa, Verna. Nitengenezee moja sasa hivi. Moja tu, na haya yote nitayasahau."

Verna akaitazama chupa, kisha akaitazama saa yake.

"Ningekaa, mpenzi, Mungu anajua. Ila nina miadi kwa msusi."