Maswali ya Mwalimu wa Jioni
Hiram Mathenge alitoka ghala la pareto saa kumi na moja, vumbi la maua bado linamwasha macho, akakimbilia darasani bila hata kunawa. Tangu serikali itangaze Emajensi, hali ya hatari dhidi ya Wakikuyu walioapa kuipinga, Mkikuyu aliyetembea polepole mjini Nakuru alisimamishwa kila kona. Aliyekimbia naye alisimamishwa. Siku hiyo askari alimkagulia pasi, akataka kujua anaenda kusoma nini.

"Dini za ulimwengu na historia ya Afrika, afande. Ni kozi ya chuo kikuu."

"Wewe mbeba magunia? Chuo kikuu?" Askari alicheka mpaka akamwachilia.

Kozi yenyewe Hiram aliipenda kupita kiasi. Walikuwa wamemaliza Wahindi na Wachina, na sasa mwalimu, kijana wa kizungu mpole mno, alimtaka kila mwanafunzi aeleze watu wake waliabudu nini na waliapaje. Upole huo ndio uliomtia Hiram wasiwasi. Mzungu anayeuliza habari za viapo wakati kama huu ana lake.

Hata hivyo, Jumapili alikuwa amekwenda mtaa wa Bondeni kumuuliza nyanya yake aitwaye Wangu. Kikongwe alifunga mlango kwanza.

"Nani amekutuma?"

"Ni masomo tu, Cucu."

"Maswali haya niliulizwa kambini, kule kizuizini, nikihojiwa. Aliyenihoji alikuwa na kiboko, wewe una kalamu."

Lakini damu ni damu, akamhadithia yote: mlima waliouelekea wakiomba, mbuzi wa kafara, wazee walivyoapa kumaliza kesi ya shamba kabla reli haijafika.

Sasa Hiram aliingia darasani akakuta mgeni benchi la nyuma. Buti zinang'aa kama za polisi, mkononi hana kitabu.

"Huyo ni nani?" akamuuliza Nyongesa, fundi wa reli aliyekaa naye kila wiki.

"Sijui, na sitaki kujua," Nyongesa akanong'ona, akasogea mbali na Hiram kidogo.

"Bwana Mathenge," mwalimu akaita. "Wakikuyu je?"

Hiram akasimama. Habari zote alikuwa nazo, tena tamu. Lakini swali la pili lingekuwa nani amekwambia, na Wangu angerudishwa kambini, na safari hii asingetoka.

"Hatukuwa na dini, bwana. Wala historia. Tulingoja misheni."

Mwalimu alionekana kuumia kwelikweli. Akaandika ubaoni: Wakikuyu, hakuna. Darasa zima likanakili. Mgeni akaazima penseli kwa Nyongesa, naye akanakili. Hiram aliona aibu, na hasira juu ya aibu hiyo, maana mtihani ungeuliza hayo hayo na jibu lingekuwa lilelile la ubaoni. Akainama, akaandika: hakuna.