Ndoo ya Sikio

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, saa nne na robo asubuhi, upepo mkavu ukipeperusha vumbi jekundu juu ya uwanja wa gwaride, nilirejea katika shule yetu ya bweni, ng'ambo ya Hombolo, baada ya miaka thelathini na mitatu, kwa mkutano wa wahitimu. Mabweni yalikuwa yaleyale. Pampu ya mkono ilikuwa ileile, na ililia vilevile.

Ebenezer, tuliyesoma naye darasa moja, alinisubiri pampuni, ndoo mkononi.

"Kiranja mkuu," alisema, "karibu nyumbani. Sasa lipa."

Nilijua alichodai. Tulipokuwa Kidato cha Pili tulipangiwa zamu ya kulinda shamba la karanga dhidi ya nyani. Miongoni mwao walikuwamo wadogo wawili, ndio kwanza wamepoteza manyoya meusi ya uchanga. Mmoja, mwenye sikio lililopasuka, tulimwita Sikio. Mwenzake, mfupi kidogo, tukamwita Pacha. Nilishikilia kwamba Sikio ni dume, kwa kuwa ndiye mkubwa. Ebenezer akasema, "Kamzidi mwenzake miezi tu. Huyo jike. Ngoja wakue." Tukawekeana ahadi kwa desturi ya shule: atakayeshindwa atajitwika ndoo iliyojaa, avuke uwanja mbele ya watu wote hadi bweni la mshindi, wala hakuna msamaha. Desturi hiyo niliisimamia mwenyewe nilipokuwa kiranja mkuu. Wengi walilowa kwa amri yangu. Tulihitimu nyani wale wakiwa wamekaribiana kimo, mshindi hajajulikana.

"Nilirudi kufundisha hapa mwaka 1995," Ebenezer aliendelea. "Sikio alikwisha koma kukua, kambeba mtoto chini ya tumbo. Pacha alikuwa kama mara mbili yake: mabega mapana, manyoya ya shingo kama koti, na meno ya kukimbiza mbwa."

"Shahidi ni nani?"

"Mimi."

"Mdai hawi shahidi."

"Basi kataa, mzee. Hata wewe Kidato cha Kwanza ulinizidi kichwa kizima. Hebu jitazame leo, unanifika begani!"

Wahitimu wenzetu wakaangua kicheko. Fabian, mwenyekiti wa mkutano wetu, akanishika mkono. "Achana naye, bwana. Umevuka hamsini. Mambo ya utoto hayo."

Lakini Ebenezer aliwahi kulima shamba la shule wiki nzima kwa adhabu, ilhali uongo wa neno moja ungemwokoa. Nilikuwapo. Kumkana yeye kungekuwa kukiri kwamba sheria ile niliitunza kwa ajili ya wengine tu.

Nilivua koti, nikamkabidhi Fabian. Nikapiga pampu hadi ndoo ikafurika, nikajitwika. Shingo iliukumbuka uzito kabla yangu. Nyuma yangu wazee wakaanzisha wimbo wa bweni kwa sauti zilizokwaruza, na maji yakanitiririka mgongoni, ya baridi kama zamani. Nikaitua ndoo mlangoni pa bweni la Ebenezer.

"Nimelipa," nikasema.

"Umelipa," akajibu.